Constance Haiko Ankoro

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilivyopoteza mashua, kisha nikampoteza na rafiki niliyenunua naye mashua. Anayeingia leo avute kiti, maana hajakosa kitu. Balaa zangu haziishi, mtu anaweza kuanzia popote.

Mara ya mwisho mliniacha stesheni ya Kalemie, mimi chini, mke wangu Constance juu ya treni ya Kabalo, sanduku magotini, akienda kwao Ankoro. Kambo wake, yaani mama mzaa mama, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa amefariki, na ukoo ulikuwa umeitana kumaliza kilio. Constance aliniomba twende wote. Nilimjibu kwamba phonie yangu ndiyo kwanza imefunguliwa na siwezi kuwafukuza wateja.

"Nitatuma pole kwa phonie," nilimwambia.

Hakugombana. Alifunga dirisha. Mwanamke akifunga dirisha la treni katika joto lile la mchana, mwanamume mwenye akili anapanda treni. Mimi nilirudi kazini.

Kwa asiyejua, phonie ni redio ya kusema na kusikia. Unaweka mashine mezani, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu angani. Wa kwangu ulitoka kwenye paa ukaenda hadi kwenye mchikichi wa jirani, naye kila mara alinikumbusha kwamba mchikichi ni wake. Simu za waya zilikuwa zimekufa zamani, na shaba yake watu walishaifanya bangili. Kwa hiyo mwenye phonie alikuwa mtu. Watu walitoka Kataki, walitoka Lubuye, walipanga foleni kwenye benchi langu wapate kuongea na ndugu zao wa Manono, Kabalo na Nyunzu.

Sheria ya phonie ni kwamba hamwezi kusema wawili kwa pamoja. Ukitaka kusema, unabonyeza kitufe cha maikrofoni. Ukimaliza, unasema "à vous", yaani zamu yako, kisha unaachia; mazungumzo yote yakiisha, unasema "terminé". Sheria hiyo ni nyepesi, lakini kila siku nilipata mteja anayelia, anayecheka, anayewaapia watakatifu wote, na kidole hakipo kwenye kitufe. Nilikuwa mkali. Niliandika ukutani kwa chaki, juu ya meza: BONYEZA KWANZA. Na niliwaambia wateja kwamba asiyeweza hilo asijisumbue kuoa.

Jambo la pili mlijue mapema: kwenye phonie hakuna siri. Yeyote aliye kwenye masafa yenu anasikia kila neno.

Sasa nije kwenye kampuni. Iliitwa Sauti ya Maziwa, na ndiyo iliyotupa mashine na kibali. Haikutaka tuitane ovyo. Mteja akitaja jina, mimi naita centrale, ofisi yao ya kilimani, na pale Papa Augustin anavuta droo ya fishi, yaani kadi za majina, analitafuta jina, kisha ananiambia mtu huyo yuko karibu na poste gani, yaani kituo gani cha phonie, na kwa masafa gani. Bila centrale una mdomo, lakini hujui uuelekeze wapi.

Mpango huo ulikuwa mzuri mpaka mvua ilipojua njia ya kuingia darini kwao. Droo zikalowa, fishi zikashikana kama majani ya sombe yaliyopikwa jana. Kampuni haikukubali kwamba fishi zimelowa, kwa sababu kukubali kungetaka mabati mapya. Ikamfundisha Papa Augustin jibu moja tu la kutoa: jina lisiloonekana, halipo.

Na zile zilizopona zilikuwa na kasoro yake. Ziliandikwa enzi zile majina ya ubatizo yamekatazwa nchini, kila mtu akiitwa kwa jina la mababu. Ruhusa ilipotolewa mwaka wa tisini, watu wakarudi kwenye majina yao ya kanisani. Fishi hazikurudi.

Hivyo nusu ya watu wetu wakawa hawapo. Padri wa Manono, aliyesoma misa Jumapili akasikiwa na parokia nzima, hakuwepo. Mama mmoja aliyekuja kumtafuta mwanawe aliambiwa hana mwana. Nilimwambia asilie, ni droo tu. Nakiri nilikuwa nacheka kidogo nikisema hivyo.

Basi siku ya kutuma pole yangu, niliita centrale nikataja: Constance, Ankoro.

"Ile jina haiko, Papa Déo," alisema Papa Augustin.

Nikacheka. Kesho yake nikaita tena, haiko. Kesho kutwa, haiko. Nikaacha kucheka, nikaanza kutukana mvua. Pole yangu ikabaki mdomoni, na kilio kule Ankoro kikaisha bila mimi na bila sauti yangu.

Halafu Germain akaja.

Germain ni shemeji yangu, kaka yake Constance, mpakuzi wa mizigo bandarini, mtu wa maneno machache. Alikwenda kwenye kilio, akarudi na treni. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mbele ya wateja wangu, akanipa habari bila kuzipunguza. Baba mkwe alisema mume asiyekuja kulia na wakwe zake, wala asiyetuma hata sauti, amemrudisha mke. Hakuna haja ya kikao. Alikuwa ananingojea hadi misa ya Jumapili. Misa ikitoka, mimi si mkwe tena.

Nilimwambia nimeita, nimeita mpaka koo limekauka.

"Umemuita nani?" aliuliza Germain.

"Constance. Nitaita nani mwingine?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyejifunga mwenyewe kwa kamba. Kisha akaketi kwenye benchi, kati ya wateja.

"Endelea basi," alisema. "Mi nimetumwa kusikia. Ukimupata yule unamutafuta, nitasikia."

Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba muda wote ule Germain hakutaja jina la dada yake hata mara moja. Wakati ule sikuona. Nilikuwa na hasira na mabati ya watu.

Nikamkumbuka Bertille.

Bertille aliuza mikate Kabimba na alikuwa na phonie pembeni ya tanuri. Kila mwenye poste alimjua, ingawa hakuna aliyemtaja mbele ya kampuni. Saa sita mchana Papa Augustin alikuwa anakwenda kula, na centrale inanyamaza. Hapo sisi wote, watu wazima wenye familia, tulihamia masafa ya Bertille kama wanafunzi wanaotoroka shule. Yeye hakuwa na droo. Ukimtajia jina, aliuliza tu hewani, na aliyesikia akamuuliza jirani, na jirani akamuuliza jirani yake, mpaka mtu aonekane. Jibu lilikuja na harufu ya mikate na umbea, lakini lilikuja.

Asubuhi ile ile centrale ilikuwa imetuonya. Papa Augustin aliita poste zote akatusomea agizo, sauti yake ikionyesha kwamba hakulitunga yeye. Alhamisi inspecteur, mkaguzi wa kampuni, atafika Kalemie. Poste inayotafuta watu nje ya centrale itafungwa. Na mwenye poste asipokutwa mahali pake Alhamisi hiyo, mashine inachukuliwa.

Mashine ile ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho duniani baada ya mashua. Nilijua hivyo. Saa sita ilipofika nikamwita Bertille.

Nilimweleza shida yangu bila kuficha, maana kwa phonie kuficha ni kazi bure. Bertille akampitishia Pontien wa Kiambi, katekista mwenye phonie yake, aliyekuwa anasikilizana na poste ya Ankoro kwa masafa ambayo kampuni haikuyajua. Ankoro wakamtuma mtu kwa baiskeli hadi nyumbani kwa baba mkwe. Tukangoja. Wateja hawakulalamika. Walishaacha shida zao, wanafuata yangu.

Bertille akarudi hewani. "Papa Déo, nyumba imeonekana. Constance haiko. À vous."

Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Mpaka dakika ile nilikuwa nagombana na droo zilizolowa, na droo haina moyo, unaweza kuitukana ukalala. Sasa macho ya mtu yamefika nyumbani kwao, yamemkosa. Nikafikiri ameolewa. Nikafikiri amevuka mto, amekwenda mbali nisikoweza hata kuuliza njia. Nikauliza ni nani aliyeko pale nyumbani.

Swali likaenda, jibu likarudi. Baba yuko. Mama yuko.

"Na Kambo Ngoie njo anatwanga muhogo uani," alimalizia Bertille. "Ameuliza nani anaita, wakamuambia, akacheka kidogo, akaingia ndani. À vous."

Kwenye benchi watu walifanya ishara ya msalaba. Kambo Ngoie ndiye marehemu. Ndiye yule yule ambaye mke wangu alikwenda kumlilia. Mama Rosalie, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliniambia kwa upole kwamba yeye ataongea na Nyunzu siku nyingine, ila hakuondoka.

Mimi nilibonyeza kitufe na kumwambia Bertille kwamba watu wa Kiambi wameanza kunywa mapema. Nilimwambia mengi, yakiwemo ya kuhusu Pontien na ukatekista wake, naye Pontien anasikia. Bertille alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Papa Déo, weye ulifika kwa kumaliza kilio? À vous."

Nikamjibu hapana.

"Basi. À vous."

Nikageuka kumtazama Germain. Germain alikuwa anautazama ukuta wangu kwa makini.

Hapo nikaelewa, na nilitamani mchikichi wa jirani unidondokee.

Kwa wakwe zangu, kumaliza kilio si kula na kuagana. Jina la marehemu haliachwi kaburini. Ukoo unamchagua mmoja wao, unamkalisha kwenye mkeka, unamfunga kitenge cha marehemu, na tangu saa ile yeye ndiye marehemu aliyerudi. Watoto wa marehemu wanamwita mama. Wajukuu wanamwita kambo. Jina alilokuja nalo pale mkekani halitajwi uani kwao mpaka msimu upite, maana kulitaja ni kumuua marehemu mara ya pili. Si kwamba sikujua. Niliyaona kwa macho wakati wa uchumba, nikacheza ngoma hadi asubuhi, nikasifiwa.

Kwa hiyo tangu mwanzo, katikati ya uongo wake wote, centrale ilikuwa imenieleza ukweli kwa jambo hili moja. Constance hakuwepo Ankoro. Papa Augustin alikuwa sahihi bila kujua, kwa droo iliyooza, na mimi nilikuwa nimekosea nikiwa na akili zangu timamu.

Uchungu ulionipata sijawahi kuupata, hata siku ya mashua. Mke wangu alikalishwa mkekani mbele ya ukoo mzima, akapewa jina la mtu aliyempenda kuliko wote, na mahali pa mume pakabaki wazi. Aliondoka mkekani akiwa mtu mwingine. Mimi niliyekuwa nawatafutia watu wote majina yao, sikujua jina la mke wangu.

Nikabonyeza. Nikasema polepole, kama anayejifunza kusoma: namuomba Kambo Ngoie, wa Ankoro.

Safari hii haikuwa kazi. Pontien wa Kiambi, niliyetoka kumwita mlevi, ndiye aliyenipa masafa ya Ankoro, akanielekeza nihamie huko moja kwa moja, na akaongeza kwamba hajanywa. Nikahama. Nadhani ziwa zima na mto mzima vilihama nami, maana nilisikia mashine zikiguna moja moja zikiingia.

Sauti iliyotokea ilikuwa ya mzee.

"Allô, Kalemie. Nani anamuita Ngoie? À vous."

"Ni mimi, Déogratias. Naongea na nani? À vous."

"Unaongea na Kalenga. Ngoie njo muke wangu. Weye unamutakia nini muke wa muntu? À vous."

Mzee Kalenga ni babu yake Constance, mume wa marehemu. Tangu Constance akiwa msichana mdogo alimwita "muke wangu", kama mababu wote wanavyowatania wajukuu, na siku nilipokwenda kuposa aliniita mwizi, tukacheka, nikampa tumbako. Sasa utani ule ulikuwa umepata mhuri wa ukoo. Mtu mmoja, nadhani wa Nyunzu, alibonyeza kitufe chake makusudi ili sote tumsikie akicheka.

Nilijaribu kucheka na mimi. Mzee Kalenga hakunipa nafasi. Alisema muke wake alikufa na ukoo umemrudishia, kwa hiyo anayemtaka aje amwombe kwake, kwa miguu, si kwa waya. Alisema na tumbako ya safari ile ilikuwa imeoza. Nyunzu ikacheka tena. Kisha mzee akakohoa, na sauti yake ikashuka.

"Déo, mutoto yangu. Ile pole ulisema utatuma. Tuliingoja. À vous."

Hapakuwa na aliyecheka tena, si Nyunzu, si benchini.

Nikabonyeza, nikasema pole. Nilimwambia mzee kwamba Kambo Ngoie alinipa kichwa cha samaki siku ya kwanza nilipofika kwao, mimi mgeni, wakati wenyewe wanaume wa nyumba wanakitazama. Nilimwambia kwamba sina udhuru, nilichagua mashine. Pole yangu ilichelewa sana, lakini niliitoa yote, na nikaachia kitufe bila kukumbuka kusema "à vous".

Nikasikia mtu akipokea maikrofoni kule, kitenge kikiigusa. Halafu sauti yake.

"Mujukuu yangu," alisema mke wangu.

Phonie inakula tabasamu. Inaacha maneno, na wewe unabaki kukisia kama aliyeyasema alikuwa anacheka au amekunja uso. Nilikaribia spika hadi pua ikagusa, sikupata kitu.

"Treni ya Kabalo inatoka kwenu Alhamisi," aliendelea. "Unakuja, ao utatuma phonie? À vous."

Alhamisi. Siku ya inspecteur. Poste nzima ilijua hesabu hiyo, maana wote walikuwepo asubuhi Papa Augustin alipotusomea. Nikipanda treni, nikirudi nitakuta meza na betri. Nikibaki, misa ya Jumapili itatoka. Germain alisimama. Mama Rosalie alishika rozari yake. Nikaitazama mashine yangu, kioo chake cha kijani, waya wake uliokuwa unanilisha, na nikashangaa kuona ilivyo ndogo.

"Nakuja," nilisema. "Ngoie, nakuja. Inspecteur achukue mashine, achukue na meza. Unisubiri."

Sijapata kusema neno kwa moyo wote namna ile. Na jina sikulikosea. Mama Rosalie alilia waziwazi. Germain, ambaye sikumbuki kumwona akitabasamu, aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akaniita shemeji. Wateja wakapiga makofi.

Spika ikawa kimya. Tukangoja jibu lake.

Kisha ikaja sauti ya Mzee Kalenga, haina utani hata kidogo.

"Amenyamaza. Mbele ya watu wote, amenyamaza. Basi. Terminé."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa ndani ya mikono ya Germain. Nikatazama maikrofoni. Ilikuwa imelala mezani, nilipoiweka baada ya kutoa pole. Na juu yake, ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yalikuwepo maneno mawili ambayo wote benchini waliyasoma pamoja nami, kimyakimya, kwa adabu.

Nikaiparamia. Nikabonyeza hadi ukucha ukageuka mweupe, nikaita Ankoro, nikaita Kambo Ngoie, nikaita Mzee Kalenga, nikaita na marehemu mwenyewe. Ilijibu mvumo tu.

Aliyejitokeza mwishoni ni Pontien wa Kiambi. Aliongea taratibu, kama anayeongea na mgonjwa.

"Papa Déo, Ankoro wamezima groupe ya umeme, mafuta yao ni ya kuhesabia. Kesho asubuhi nitawapata tena, nitaomba mwenyewe huyu kambo aitwe kwa poste. Niambie tu. Nimupelekee jibu gani? À vous."

Jibu la kupelekwa, kitu kile kile alichoniuliza mke wangu. Kwa phonie. Germain alikuwa ameushika tena mkono wangu. Nikautoa mkononi mwake, nikainyanyua tena maikrofoni, nikawatazama watu wa benchini mmoja mmoja.

Safari hii nilibonyeza kwanza.